Nyumbani, Mtu Mmoja

Jumapili, 2 Machi

Leo naanza. Nimejiahidi kwamba katika daftari hili sitaficha kitu, hata yale yatakayonitia aibu. Hakuna mwalimu atakayelisahihisha na hakuna mtu atakayelisoma, kwa hiyo sina sababu ya kujipamba. Nitasema yote. Kwa mpangilio. Na kwa mwandiko mzuri, maana mwandiko mbaya huanza pale mtu anapodhani haangaliwi.

Habari kubwa: Mama amepewa kocha!

Si wa mpira. Bibi alipoambiwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Kwa goti hilo, mkwe wangu, watakupanga namba ngapi?" Mama akaeleza kwa uvumilivu kuwa ni kocha wa uongozi. Meneja wa uzalishaji pale kiwandani anastaafu na bosi anatafuta wa kushika nafasi yake. Wanaofikiriwa ni wawili. Wa kwanza ni Mama, msimamizi wa ukumbi wa ushonaji: cherehani thelathini na mbili, sare za shule na za wauguzi. Wa pili ni mtunza stoo, ambaye watu wote humwita Mzee Sawasawa kwa sababu hajawahi kumjibu bosi neno jingine. Watakaa na kocha wiki tano, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha bosi ataamua.

Mama anaitaka sana kazi hiyo. Hajasema. Lakini ameipiga pasi blauzi yake ya kola ya bluu mara mbili, na kesho ni Jumatatu ya kawaida tu.

Bibi akauliza huyo kocha anafundisha nini. Mama akasema kocha hafundishi, anauliza maswali tu, jibu unalitoa mwenyewe.

"Na anayelipwa ni nani?" akauliza Bibi.

Jumanne, 4 Machi

Kocha ni mwanamke. Mfupi, anavaa raba, hana haraka ya kusema. Amempa Mama jalada lenye karatasi za mazoezi, na Mama ameniruhusu nilisome mradi nisilipake mafuta. Nimelisoma lote!

Zoezi la kwanza linaitwa gurudumu la maisha. Unachora duara, unaligawa vipande vinane: kazi, afya, familia, marafiki, mapumziko na vinginevyo. Kila kipande unakipa alama kuanzia moja mpaka kumi na kukipaka rangi hadi alama ilipofika. Ukimaliza unatazama kama gurudumu lako lingeweza kubingirika. Mama alilichora kwenye meza ya kulia. Kazi, tisa. Familia, nane. Mapumziko, moja.

Baba akaja kuangalia. Baba ni fundi wa friji, kila chenye umbo lazima akikague. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Likifungwa kwenye baiskeli hili," akasema, "safari utafika. Ila meno utayaokota njiani."

Mama alicheka sana. Mimi nilikuwa naiangalia ile nane ya Familia. Nilijiuliza tu nani aliyeulizwa.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna modeli ya hatua nne. Naiandika nisije nikaisahau. Lengo: unataka nini? Hali: mambo yakoje sasa? Njia: unaweza kufanya nini? Nia: utafanya nini, na lini? Anayeuliza haruhusiwi kushauri. Hata kama jibu analijua — anameza.

Mama alitakiwa afanye mazoezi na mtu wa nyumbani. Akamchagua Baba, na mada ikawa bomba la jikoni, ambalo linavuja tangu nikiwa darasa la nne.

"Baba watoto," akaanza, jalada likiwa mapajani, "kuhusu hili bomba, lengo lako ni nini?"

"Lengo langu ni kunywa chai."

"Sawa. Na hali ikoje kwa sasa?"

"Chai inapoa."

Mama akavuta pumzi. Nilimwona akimeza kitu kikubwa. "Kuna njia gani ambayo hujaijaribu?"

"Kuhama."

"Na nini kingine?"

Hilo ndilo swali lenye nguvu kuliko yote, jalada linasema. Na nini kingine? Unauliza, halafu unanyamaza. Mama akanyamaza. Baba akanywa chai. Mama akazidi kunyamaza. Tone — tone — tone — bomba likajisemea lenyewe. Baba akaanza kuhangaika kitini. Mwishowe akasema labda ni kile kimpira cha ndani kimekwisha, kazi yenyewe ni ya dakika kumi, tatizo ni kwamba akirudi kutoka kwenye mafriji ya watu hatamani hata kuiona spana.

"Utafanya lini?"

"Kesho kabla ya kula," akasema Baba, kisha akashtuka kama mtu aliyejisikia redioni.

Bibi akapiga makofi. "Miaka yote hii tunampigia kelele! Kumbe dawa ya mwanangu ni kunyamaziwa!"

Jumatatu, 10 Machi

Bomba halivuji. Nimelifungua na kulifunga mara sita ili kuhakikisha. Baba akaniuliza kama nataka alivunje tena.

Jumatano, 12 Machi

Nimeujaribu ukimya shuleni, kwa jirani yangu wa dawati. Aliniambia ana siri ndogo. Nikauliza, "Na nini kingine?" nikanyamaza, nikihesabu moyoni. Nilipofika tano akakiri kwamba yeye ndiye aliyevunja rula yangu. Nilipofika saba akakiri kuwa alimsingizia mtoto wa darasa la pili. Nilipofika tisa akasema tena hapendi nywele zangu zikisukwa hivi.

Hilo la mwisho sikuliomba. Modeli hii ni kali. Itumiwe kwa uangalifu.

Jumamosi, 15 Machi

Dada Sindano kapita leo. Ni fundi wa kola, yuko chini ya Mama kiwandani na nyumba yao iko nyuma ya yetu. Huitwa Sindano kwa wembamba wake, na kwa mdomo. Alitusimulia ya juzi mbele ya Mama mwenyewe.

Cherehani ya msichana mgeni ilikwama. Msichana akaja mbio. Zamani Mama angekuwa ameshalala chini ya meza na bisibisi mdomoni. Safari hii akafunga mikono nyuma. "Wewe unadhani ufanye nini?" Msichana akawaza, akasema, "Nadhani nikuite wewe, mama." Mama akauliza, "Na nini kingine?" Msichana akaangua kilio.

"Alidhani amefukuzwa!" Sindano alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Ukumbi mzima tumesimama. Huyu analia, huyu ananyamaza kwa utaalamu!"

Mama alifunika uso kwa mikono, naye anacheka. Kocha amemwambia baadaye kwamba aliye mgeni wa kazi huelekezwa, anayeijua ndiye huulizwa. Ukiwachanganya, mmoja atalia na mwingine atachukia. Nadhani hilo linawafaa hata walimu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimefanya jambo la maana.

Zoezi jipya ni tathmini ya pande zote. Watu wanane wanajaza fomu kuhusu Mama: bosi, wenzake wawili, mafundi wanne walio chini yake, na mtu mmoja wa nyumbani. Jina haliandikwi. Bahasha ina gundi yake.

Baba alikataa. Alisema ana kesi nyingi za zamani zilizokwisha kufungwa na hataki kuona faili lolote linafunguliwa. Bibi naye akasema, "Mkwe nikimsifu watasema nimehongwa. Nikimsema, kesho nitakula kwa nani?" Basi nikabaki mimi.

"Andika ukweli, mama," Mama akaniambia, akinishika bega. "Wala sitajua nani kaandika nini."

Nilikaa mezani na kalamu mpya. Fomu ina sentensi ishirini, kila moja inapewa alama moja mpaka tano. *Hutimiza ahadi.* Tano. *Hubaki mtulivu mambo yanapoharibika.* Nne, ingekuwa tano bila ile siku ya panya. *Hunisikiliza mpaka mwisho.*

Hapo kalamu ikasimama.

Nikaandika mbili. Chini yake pana nafasi: *Toa mfano.* Na mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba dai lisilo na mfano ni kelele. Nikatoa mfano. Naunakili hapa:

"Mwezi wa Novemba nilimwambia Mama kwamba nimechaguliwa kusoma risala siku ya wazazi. Nilikuwa naosha vikombe, naye anahesabu vifungo vya sare. Akajibu: Punguza sabuni. Kesho yake nikamwambia tena. Akasema: Vizuri, mwanangu, nami nikaona kwamba hajui kilicho kizuri ni nini. Siku yenyewe Baba aliitwa kwenye friji la hospitali. Nilisoma risala nikitazama kiti cha tatu katika mstari wa pili, ambacho nilikuwa nimekishika kwa sweta langu. Sikukosea hata neno. Sweta liliisikiliza yote."

Niliisoma mara mbili. Ina mwanzo, kati na mwisho. Nadhani ndiyo aya bora kuliko zote nilizopata kuandika. Nikalamba gundi, nikafunga.

Ijumaa, 28 Machi

Nataka kufa.

(Mwalimu angesema nimetia chumvi. Basi: nataka kuhamia kwa shangazi.)

Ripoti imetoka. Imepigwa chapa na ina chati za rangi. Majibu yamepangwa kwa makundi ili mtu asijulikane. *Wenzake: watu wawili. Walio chini yake: watu wanne. Nyumbani: mtu mmoja.*

Mtu mmoja! Ni kweli jina halipo. La nini? Ni sawa na kujificha nyuma ya ufagio.

Na aya yangu imo yote, neno kwa neno. Hata sweta limo.

Mama aliisomea jikoni, amesimama. Nilikuwa naosha vikombe. Nilikiosha kikombe kimoja mpaka nikahofia ua lake litafutika. Hakunigombeza. Bora angenigombeza, ningejua pa kusimama. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Sweta lipi?"

"La kijani."

Akaitikia kwa kichwa, kama vile hilo ni jambo la lazima kulijua. Kisha akatoka kwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi.

Katika jalada kuna dirisha la vioo vinne. Kioo kimoja ni yale unayoyajua wewe na wengine wanayajua. Kingine ni siri zako. Kingine hakuna anayeona kitu. Na kimoja ni yale ambayo wote wanayaona kwako isipokuwa wewe, na hicho ndicho kocha husaidia kukisafisha. Sawa. Lakini hakuna ukurasa unaoeleza aliyekuja kukisafisha afanye nini akikivunja.

Nilidhani mabaya yameisha. Baba akaja kuniambia polepole kwamba ripoti ina nakala mbili. Ya pili iko mezani kwa bosi.

Jumapili, 30 Machi

Mama ananisikiliza. Jamani, msaada!

Asubuhi nilisema, "Mama, naomba chumvi." Akaweka kijiko chini. Akanigeukia mwili mzima pamoja na magoti yote mawili, kwa sababu ukurasa wa kumi na nne unasema uelekeze mwili kwa anayezungumza. "Nasikia unasema unahitaji chumvi. Nimekuelewa vizuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nini kingine?"

"Chumvi tu, Mama."

Bibi akatutazama mmoja mmoja. "Huyu mtu kaingiwa na nini? Jana nimepiga chafya, akaniuliza najisikiaje kuhusu hilo."

"Na hiyo chafya," Baba akadakia, "lengo lake lilikuwa nini?"

Tulicheka mpaka Mama naye akacheka, akampiga Baba na kitambaa cha meza. Kwa dakika nzima nikasahau.

Mchana Dada Sindano akanikuta kwenye kamba ya nguo. Hakuja na mzaha. Alisema ripoti ya Mzee Sawasawa ni tano juu ya tano, mwanzo hadi mwisho. Fomu ya nyumbani aliijaza mkewe, naye Mzee akiwa amekaa pembeni anamsomea maswali. Tena bosi amesema mbele ya karani, na karani kwa kusambaza habari hashindwi na redio: kama huyu mama hamsikii mtoto mmoja, atawasikia vipi mafundi thelathini na wawili?

"Na ninyi mlimpa ngapi?" nikauliza.

"Sisi? Wote wanne, tano! Sisi anatusikia. Cherehani ikikohoa tu kule mwisho, anajua ni ya nani na ina nini." Nadhani aliniona usoni. "Mdogo wangu, hiyo kalamu yako ina makali kuliko mkasi wa kukatia."

Alitaka kunichekesha. Nikajaribu kucheka.

Kwa hiyo cherehani zote zinasikika. Sijui niliandike vipi hili bila kuonekana nina wivu na cherehani.

Nilimwendea Bibi, nikamwambia yote. Akaniuliza, "Mke mwenzangu, uliyoyaandika ni uongo?"

"Hapana, Bibi."

"Basi usiyarambe kama matapishi." Akafikiri kidogo. "Mficha uchi hazai, hilo wazee walisema. Ila hawakusema auanike kwenye kamba ya nguo."

Nimeuwaza usemi huo jioni nzima na bado sijui kama nimesifiwa au nimekemewa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekutana na kocha.

Jumatano huwa yuko kiwandani. Nilipotoka shule nilipitiliza mpaka getini nikamsubiri. Akatoka, akainama kufunga kamba ya kiatu. Nikajitambulisha kama tulivyofundishwa, kwa ufupi na kwa sauti.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ndiye nyumbani, mtu mmoja."

Akaiacha kamba. "Marahaba. Karibu, mtu mmoja."

Nikamwuliza kama inawezekana kulifuta jibu likishatumwa.

"Ungelifuta, ungeandika nini?"

"Nne."

"Nne ni kweli?"

"Ya Novemba? Hapana."

"Na ya leo?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Anajua kunyamaza kuliko Mama, kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye! Nilihesabu mpaka saba, mpaka kumi na tano. Lori la vitambaa likaingia, geti likafungwa, bado amenyamaza. Ndipo nikajisikia nasema kwamba siku hizi Mama ananisikiliza, tena kupita kiasi, lakini sijui kama ananisikiliza mimi au anamwonyesha bosi kupitia kwangu.

Sikuwa najua kwamba nalijua hilo. Lilitoka tu, kama ile rula.

"Nani anayeweza kukujibu?" akauliza.

"Mwalimu, nakuomba nishauri. Hata kidogo tu. Sitamwambia mtu."

Akatabasamu. "Nikikushauri, likiharibika utanilaumu mimi."

"Ndiyo maana naomba!"

Akacheka mpaka mlinzi wa geti akachungulia. Lakini hakunishauri. Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyefanya mtihani ambao msahihishaji wake ni mimi mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Nataka kuandika ya leo taratibu, nisikosee mpangilio.

Nilirudi nikamkuta Mama amekaa kibarazani anapiga pindo kwa mkono. Jalada halikuwepo. Akaniuliza, "Ile risala bado unayo?"

Ninayo. Iko ndani ya kamusi.

"Nisomee."

Nilisimama kwenye ngazi kama nilivyosimama jukwaani. Mama hakugeuza magoti. Hakusema nasikia unasema. Alikuwa na uzi mdomoni na akausahau humo. Nilipofika pale ninapoomba shule ituwekee angalau taa moja ya maktaba inayowaka, alicheka, na ndipo nilipokusudia watu wacheke, na ile siku hakucheka hata mmoja! Nilipofika kwa wazazi wetu wapendwa mliopo na msiokuwepo, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena." Nikarudia tena. Akautoa ule uzi mdomoni.

"Nilipaswa kuwa pale," akasema.

Nilikuwa na furaha nyingi mno, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni na anaogopa kupiga hatua.

Halafu akasema, "Kesho bosi anataka kuonana na watu wa nyumbani. Mke wa Mzee Sawasawa, na wewe. Atakuuliza swali lile lile."

Maji yakamwagika.

Kwa hiyo risala ilikuwa ya nani? Yangu, au ya kesho? Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika sindano na hashoni. Nikangoja aniambie la kusema. Hakuniambia. Alisema tu, "Utasema lililo kweli, mwanangu. Hata likiwa mbili."

"Mama, nina swali," nikasema.

Akanigeukia mwili mzima. Magoti yote mawili! Na swali langu likakimbia lote, maana mtu akigeukiwa hivyo anajihisi yuko kwenye usaili.

"Kesho nivae nini?" nikauliza.

"Sare," akasema Mama. "Nitakupigia pasi."

Ijumaa, 4 Aprili

Saa tisa na robo alasiri. Naandikia kwenye benchi la ukumbini, nje ya ofisi ya bosi. Shule wameniruhusu. Mlango una kioo chenye ukungu. Naona vivuli tu. Chini yangu sakafu inatetemeka kwa cherehani, na hata mstari huu umepinda.

Mke wa Mzee Sawasawa ndiye aliyetangulia. Alipotoka alikaa kando yangu akajipepea kwa khanga. Ni mama mpole, mnene, ana sauti kama ya mtu aliye maktaba.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "wameniomba mfano."

"Ukatoa, mama?"

"Nimeutafuta kila mahali." Akatikisa kichwa. "Tano ishirini nimeandika, mfano mmoja nimekosa! Nikawaambia, basi, kwa ujumla, sawa sawa."

Kisha nikaitwa.

Bosi ni mtu mkubwa, miwani yake inakaa kwenye paji la uso kama jicho la akiba. Kocha alikaa dirishani. Mama alikaa kwenye kiti cha pembeni, amevaa blauzi ya kola ya bluu, mikono imelala mapajani. Fomu yangu ilikuwa mezani. Bosi alinisifu mwandiko! Halafu akashusha miwani.

"Hunisikiliza mpaka mwisho," akasoma. "Uliandika mbili, ukatoa mfano. Mfano huo nimemsomea hata mke wangu. Sasa leo unampa ngapi?"

Kalamu ilikuwa palepale mezani, kando ya fomu. Mama hakunikonyeza, hakukohoa, hakufanya chochote. Alinitazama tu. Ningesema tano angekuwa meneja, nadhani. Au labda tano zimeshaharibika jina asubuhi hii na mbili ndiyo ya heshima. Sijui! Sikuja kucheza bao. Nilikuja kusema kweli, na kweli yenyewe imekatika nusu, nusu moja ninayo mimi na nusu nyingine anayo mtu aliyekaa pale pembeni.

Nikasema, "Samahani, naomba dakika tano."

Bosi akamtazama kocha. Kocha akatazama raba zake, lakini niliona shavu lake likitabasamu. "Haya, dakika tano," akasema bosi. "Nje. Mama abaki hapa."

Dakika mbili zimekwisha. Nimeyawaza yote kwa hatua zake. Lengo: niseme kweli. Hali: ya Novemba naijua, ya jana naijua. Njia: ipo moja tu, na jana niliikimbia nikauliza habari za nguo. Nia: sasa.

Dada Sindano anapita na sinia la vikombe, anaingia humo ndani. Nimemsimamisha ili ampelekee Mama karatasi. Ameweka mkono kiunoni, anasema mimi na barua zangu tutawaua watu wa kiwanda hiki, lakini amesimama. Nimechana ukurasa wa mwisho wa daftari. Haya ndiyo niliyoandika, nimeyanakili kwanza hapa, maana niliahidi kusema yote:

"Mama, siwezi kuandika alama kabla hujanijibu. Kama leo kazi anapewa Mzee Sawasawa, na hakuna tena kocha, wala fomu, wala bosi wa kumwonyesha, Jumatatu nikija na jambo langu, utanisikiliza mpaka mwisho? Nijibu nyuma ya karatasi hii hii. Dada Sindano anasubiri hapo hapo mlangoni."